Ukuta Unaosema Pole

Bruno alizaliwa mkubwa, na hakuacha. Mama yake, Mama Katungu, anasema mkunga wa Butembo alipomwinua alimtazama mara mbili, akauliza kama kuna mwingine bado au ndio wamekuja wote kwa pamoja. Walipofika kambi ya wakimbizi Uganda, Bruno alikuwa mtoto mdogo mwenye mabega ya kijana, na kila alikopita kitu kilianguka. Madumu ya watu kwenye foleni ya bomba yaliangukaanguka. Sufuria ziliinama. Watoto wenzake walijikuta wamekaa chini na hawajui wamekaaje. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Aligeuka tu, na dunia ilikuwa karibu mno.

Ndipo mama yake akamfundisha neno moja.

"Wewe Mungu alikupa mwili ya kuangusha watu," alimwambia, "basi weka na pole mu kinywa. Ukigonga mutu, sema pole. Mutu akikugonga wewe akaanguka yeye, sema pole. Na ukikuta ameanguka peke yake, wewe hata haukukuwa pale, sema pole vilevile."

Bruno akalishika hilo neno kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba.

Walipoletwa Sydney walipewa nyumba Macquarie Fields, ya matofali, yenye ua nyuma na ule mti wa chuma wa kuanikia nguo unaozunguka na upepo. Bruno akasoma, akamaliza, akapata kazi ya asubuhi kwenye ghala la vyakula, na mchana akawa anapanda treni kwenda chuoni Parramatta kujifunza kutunza wazee, kazi ileile ya mama yake. Kiingereza kilimpa neno sori, naye akaamini moja kwa moja kwamba sori na pole ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Akawa anatembea na yote mawili. Kwenye treni alikalia nusu ya kiti, mguu mmoja ndani mwingine nje, akisema sori kwa kila anayepita. Mlango wa dukani ukichelewa kufunguka akaupiga kifua, aliuambia nao sori.

Kisha ikaja korona, ikamwongezea ukubwa. Serikali ilisema watu waachiane mita moja na nusu, lakini kwa Bruno watu waliacha mita tatu, nne, kama vile alikuwa amebeba umbali wa familia nzima. Mtu mkubwa aliyevaa barakoa anatisha kuliko mtu mkubwa asiyevaa, maana huoni kama anatabasamu. Na Bruno alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyejua.

Mtu wa kwanza kumgusa baada ya miezi mingi alimgusa kwa kichwa. Ilikuwa kwenye stesheni ya Parramatta, mwaka wa pili wa korona, kabla watu hawajafungiwa tena majumbani. Kijana mmoja mfupi alikuwa anakimbilia treni, begi linaruka mgongoni, akakunja kona kwa kasi akaingia moja kwa moja kifuani mwa Bruno. Bruno hakutikisika. Kijana aliruka nyuma, akatua kitako, chipsi zake zikatawanyika.

"Pole sana, kaka," Bruno akasema.

"Nishapoa," akajibu yule kijana kutoka sakafuni, kwa mazoea tu. Kisha akakodoa macho. "Ee! Kumbe wa kwetu! Hebu ngoja. Yaani mimi ndiye niliyekugonga, mimi ndiye niliyeanguka, wewe hujasogea hata kidole, halafu wewe ndiye unayetoa pole?"

"Umeanguka," Bruno akasema, kana kwamba hilo lilitosha.

Treni ilifunga milango ikaondoka. Kijana hata hakuitazama. Alikuwa bado chini, anampima Bruno kutoka viatu mpaka kichwa, kama fundi anayetazama gogo la mninga.

"Naitwa Abednego. Natoka Moshi, nasoma uhasibu. Wewe unacheza mchezo gani?"

"Sichezi kitu."

"Ulikuwa huchezi. Sasa unacheza."

Timu ya chuo ilikuwa ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili na makofia yenye vyuma usoni. Sydney watu wana raga zao, na mpira huu wanaojua kanuni zake ni wachache, lakini hao wachache wanaupenda kama dini. Unakwenda hivi: timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikisogea, inapewa nne nyingine, mpaka ifike mstari wa mwisho. Mbele kabisa wanasimama watu watano wakubwa, bega kwa bega, ndio ukuta. Kazi ya ukuta ni kusukuma watu wa upande wa pili ili mkimbiaji apate mlango. Mkimbiaji alikuwa Abednego.

Kocha, Mwaustralia mmoja mwekundu wa shingo aliyeitwa Darren, alimtazama Bruno akavua kofia yake, akaivaa tena. Ndugu wawili Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, waliokuwa kwenye ukuta walimzunguka wakampigapiga mgongo, wakacheka, kama wamempata mtoto wa shangazi aliyepotea. Hakuna aliyerudi nyuma mita tatu.

Bruno aliwekwa wa pili kutoka kushoto. Kocha alimtungia mchezo wake mwenyewe, akauita Treni. Mpira ukianza, wenzake wanne wanasukuma mbele, lakini Bruno anachomoka nafasini kwake, anakimbia nyuma ya migongo yao mpaka upande wa kulia, halafu anaingia pale penye ufa na kumzoa yeyote anayemkuta. Abednego anamfuata na mpira chini ya kwapa, na kiganja cha mkono wa pili amekiweka mgongoni kwa Bruno, ili asimpotee. Bruno aliupenda ule mkono kuliko kitu chochote katika mchezo. Miaka yote mwili wake ulikuwa kitu cha kuombea radhi. Sasa kulikuwa na mtu nyuma yake anayemwambia, "Kaka, panuka! Mimi najificha hapo!"

Nyumbani mama yake aliuliza habari.

"Kwa hiyo unashika mupira unakimbia."

"Hapana, mama. Mpira anashika Abednego."

"Wewe unapiga teke."

"Hapana. Mimi siugusi."

Mama Katungu alimgeukia binti yake Ange, aliyekuwa anakula nafaka na maziwa. "Mupira gani hii, mutu hauigusake?"

Ange husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Alisema kwamba Bruno ni ukuta.

"Ukuta," mama akasema. "Tumetoka Congo mpaka hapa, mutoto akuwe ukuta."

Mwezi wa sita jiji likafungwa. Magharibi yote ya Sydney ikabanwa zaidi ya kwingine. Usitoke zaidi ya kilomita tano, usiende kwa mtu, na helikopta ya polisi ikawa inapita juu ya mapaa ya Macquarie Fields kama inatafuta sindano. Mazoezi yakahamia kwenye simu. Kocha Darren alionekana kwa upana wa kidole, akipiga kelele kutoka gereji yake, na kila mmoja wao alijisukuma peke yake kwao. Bruno alijaza matofali kwenye pipa la taka lenye magurudumu, akaliegemeza godoro kuukuu, akawa anatoka mbio toka kwenye mti wa nguo, anazunguka shuka za mama yake, na kulipiga lile pipa mpaka linakwenda kugonga uzio.

Jirani aliyekuwa akimwagilia maua yake alisimama kusikiliza. Kishindo, kisha sauti nzito ya upole, "Sori." Kishindo tena. "Sori."

"Anaongea na nani?" jirani akamuuliza Ange juu ya uzio.

Ange akamwambia anaongea na pipa.

Jiji lilipofunguliwa, ligi ikasogezwa mpaka kiangazi cha kule, kinachovuka mwaka, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Maana pipa halilalamiki, lakini watu wanalalamika. Mechi ya kwanza Bruno alichomoka vizuri, akamkuta jamaa mmoja mwenye ndevu, akamlaza chali. Kisha akainama, akampangusa majani begani, akamwambia kwa Kiingereza, "Sori, kaka. Uko sawa?"

Jamaa akawaka. Alidhani anachekwa. Kulazwa chali mbele ya mchumba wako ni jambo moja. Aliyekulaza akikuinamia na kukuuliza hali kama nesi, hilo ni jambo lingine. Mwamuzi naye akaona vilevile. Kitambaa chake cha njano cha kuonyesha kosa kikaruka hewani, timu ikarudishwa yadi kumi na tano nyuma, kosa la kudhihaki.

Mechi ya pili, tena. Ya nne, tena. Kocha Darren alimweka kando.

"Bruno, unawaomba msamaha kwa nini? Umekosa nini?"

"Sijakosa, kocha."

"Basi usiseme sori!"

"Si sori ya kosa," Bruno akasema, jasho linamtoka. "Ni sori ya… ya sori."

Alitaka kumweleza kwamba pole unampa mtu aliyetoka kazini amechoka, unampa mgonjwa, mfiwa, mtu aliyejikwaa mwenyewe njiani, na hakuna anayekuuliza umemfanya nini. Lakini kwa Kiingereza kila alipoligusa lile neno lilimgeukia likawa kukiri kosa.

"Sikia," kocha akasema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. "Mechi ijayo ndiyo ya kuingia fainali. Ukidhihaki mara mbili katika mechi moja, unatolewa. Ukitolewa, nafasi yako nampa mwingine, na sitakurudishia. Mimi siwezi kujenga Treni juu ya mtu anayetupeleka nyuma."

Bruno hakula vizuri siku zile. Kupoteza mechi angeweza kuvumilia. Aliwaza kurudi kwenye nusu ya kiti chake kwenye treni, na mita zake tatu, bila ule mkono mgongoni. Akajaribu kufunga mdomo. Kazini mzigo ulimdondokea mwenzake karibu na mguu, akauma meno asiseme kitu. Mwenzake akamtazama vibaya mchana kutwa.

"Kama likikushinda kabisa," Abednego akamshauri, "liseme kwa Kiswahili. Mzungu atajuaje? Atadhani unapiga chafya."

Siku ya mechi mvua ilinyesha kama ilivyonyesha mwanzo wote wa mwaka mpya, mvua ya kujaza mito na kuotesha ukungu kwenye viatu. Uwanja ulikuwa uji. Mpira wa kurushwa haukushikika, uliteleza kama sabuni, kwa hiyo kila mtu alijua mechi itakwenda kwa kukimbia, na kukimbia maana yake ni ukuta. Mama Katungu alikuja kwa mara ya kwanza, na mwavuli wa maua, chupa ya chai, na beseni la sambusa lililofunikwa taulo. Alisimama pembeni na Ange, amevaa barakoa iliyolowa.

Upande wa pili, mbele ya Bruno kabisa, alisimama Mkenya mmoja wa mtaa wa Quakers Hill, jina lake Oloo, mpana kama kabati. Alimsikia Abednego akimwita Bruno kwa Kiswahili, akacheka ndani ya vyuma vya kofia yake.

"Buda, wewe ni mtu ama ni nyumba?"

"Ni mtu," Bruno akasema.

"Sawa. Leo nabomoa nyumba."

Wakasukumana kipindi kizima kama ng'ombe wawili kwenye mlango mmoja. Mara Oloo yuko chini, mara Bruno. Mambo yalikwenda salama mpaka kijana mmoja mwembamba wa upande wa pili alipojipeleka mbele ya Treni. Alirushwa, akateleza kwenye tope mpaka miguuni kwa mwamuzi. Na neno likatoka. Bruno alilisikia likitoka, kama mtu anavyoona kikombe kikianguka mezani.

"Sori!"

Kitambaa cha njano. Mwamuzi, mama mmoja mwembamba mwenye sauti kali, akamnyooshea kidole. Hilo la kwanza. Akifungua tena kinywa, nje.

Kocha Darren alifunika uso kwa kofia.

Mpaka dakika za mwisho walikuwa nyuma kwa alama nne. Mstari wa mwisho ungewapa sita. Wakaanza kusogea kwa Treni, yadi tano, yadi tatu, yadi sita, Bruno mbele, mkono wa Abednego mgongoni, Watonga wakiimba kitu chao kwenye mvua. Karibu na mstari Bruno akachomoka, akaingia ufani, akakutana na Oloo uso kwa uso. Kilisikika kishindo ambacho Mama Katungu alikitolea ukelele. Oloo aliondoka ardhini, akarudi ardhini kwa mgongo, na tope likaruka pande zote. Abednego naye aliangushwa na wengine hatua mbili kabla ya mstari. Oloo alilala hapo, pumzi imemtoka, macho yanatazama mvua.

Bruno aliwaza mambo mengi wakati ule, lakini mdomo haukungoja. "Pole sana, kaka."

Kitambaa kikaruka.

Mwamuzi alikuja mbio. Alimsikia vizuri, alisema, na kutukana kwa lugha nyingine ni kutukana vilevile. Watu wa upande wa pili wakaanza kushangilia. Bruno akavua kofia yake ya vyuma. Abednego alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, maana ushauri ulikuwa wake.

Kisha sauti ikatoka kwenye tope.

"Nishapoa."

Oloo aliinuka taratibu, akaegemea goti, akakohoa, akamwambia mwamuzi kwa Kiingereza kwamba hakutukanwa.

"Amesema nini basi?"

"Amenipa pole. Mama yangu humwambia hivyo mtu akitoka shamba amechoka. Humwambia mwenye malaria. Humwambia hata kuku akikanyagwa."

"Kwa hiyo anakiri kwamba amefanya kosa?"

"Hapana! Kosa gani? Amenipiga vizuri sana." Oloo alijishika mbavu. "Ameona tu nimeumia, akasema ameona."

Wenzake walimzomea. Mmoja akamuuliza ana wazimu gani, jamaa alikuwa ameshatoka, fainali ilikuwa mkononi.

"Na nikimpigia mama simu leo nimwambie nini?" Oloo akawajibu. "Eti tumeingia fainali kwa sababu mtu alifukuzwa akinipa pole? Si atanikatia simu!"

Mwamuzi alimtazama Oloo, akamtazama Bruno aliyesimama na kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani. Akaokota kitambaa chake kwenye tope, akakikamua, akakirudisha mfukoni. Akamwambia tu Oloo amwambie mwenzake apunguze sauti.

Ilibaki nafasi moja. Kila mtu uwanjani alijua itakuwa Treni, mpaka Mama Katungu, ambaye alikuwa ameanza kuelewa. "Ange," akasema, "sasa ukuta itatembea."

Wakajipanga. Oloo akarudi mahali pake, akatema tope.

"Buda, usinihurumie sasa. Mimi sitakuhurumia."

Bruno alikuwa amebana midomo mpaka inauma. Mpira ukaanza. Akachomoka, miguu ikiteleza, akapita migongo ya Watonga, akaukuta ufa, na ndani ya ufa amejaa Oloo, ameshausoma mchezo wote. Wakagongana wakasimama. Hakuna aliyesogea. Bruno alisikia viatu vyake vikichimba uji, akasikia pumzi ya Oloo, akasikia kitu kingine, kiganja kidogo kikimsukuma mgongoni. "Panuka, kaka! Panuka!" Akashusha nyonga kama alivyozishusha mbele ya pipa, akapanuka mwili wake wote, hakubakiza hata sehemu moja ya kuombea radhi, akatembea. Hatua, na nyingine. Oloo akaanza kurudi, akakunjika, akaenda, na Bruno juu yake. Abednego akapita pembeni mwao akaanguka ng'ambo ya mstari akiwa ameukumbatia mpira kama kitoto.

Watu wote walimrukia Abednego. Bruno alikuwa bado juu ya Oloo. Alifungua kinywa. Akamwona mwamuzi amesimama pale karibu, mkono umekaa kwenye mfuko. Akakifunga. Akainuka kimya, akampa Oloo mkono, akamvuta juu. Kisha Watonga wakafika, halafu kocha, na kofia yake, na kelele zake, na Bruno akapotea chini ya watu.

Baadaye mvua ilipungua, na timu zote mbili zikakusanyika nyuma ya gari la Mama Katungu, kwa sababu ya harufu. Aligawa sambusa bila kuuliza nani ni wa timu gani. Alipofika kwa Oloo alimzunguka, akamgusa mabega, akamtazama tope la mgongoni, akamgeukia mwanawe kwa jicho ambalo Bruno alilijua tangu foleni ya bomba.

"Huyu mutoto ya watu umemwangusha vile, mara mbili. Ulimuambia pole?"

"Nilimwambia, mama. Karibu wanifukuze."

"Mara mbili?"

Bruno akatazama viatu.

"Ile ya mwisho hakunipa, mama," Oloo akasema, mdomo umejaa sambusa. "Aliniinua tu, kimya, kama gunia. Mimi nilikuwa nangoja."

Mama Katungu akalifunika beseni. Watonga wakaacha kutafuna. Kocha Darren, ambaye hakuelewa hata neno, alielewa kwamba hakuna atakayekula tena mpaka jambo fulani liishe, akamwambia Bruno kwamba lolote lile, alifanye upesi.

Bruno alitazama kwanza kama mwamuzi yuko karibu. Alikuwa karibu kweli, ana sambusa mbili.

"Pole, kaka," Bruno akasema, kwa sauti yake yote.

"Nishapoa," Oloo akasema. "Mama, fungua beseni."